Shuka Linalotazama Geti

Sisi tunaokaa mbele ya geti la kiwanda cha kutia rangi vitambaa tunapendwa sana. Msicheke. Tunapendwa mpaka tumechoka kupendwa. Ukutani pao wameandika kwa herufi kubwa kwamba jirani ndiye ndugu yao wa kwanza, na chini ya maandishi hayo hayo ndipo unapotokea mtaro wao, unapita nyuma ya nyumba zetu, leo mwekundu, kesho wa zambarau, kufuatana na vitambaa vya siku hiyo. Ndugu wa namna hiyo mimi nikimwona anakuja nafunga mlango. Lakini utamfungiaje mlango mtu ambaye ukuta wake ni mrefu kuliko paa lako?

Nataka kuwaeleza habari za wifi yangu, mke wa kaka yangu, maana siku hizi watu wengi wanamjua kwa picha tu, na picha ile ni uongo. Kazi yake ni dobi. Mtaa mzima unamwita Mama Weupe, si kwa ajili ya ngozi, maana ni mweusi tii kama mimi, bali kwa ajili ya nguo. Mpelekee shati jeupe lililokaa kabatini mpaka likawa na rangi ya chai, atakurudishia kitu ambacho ukikitazama juani unafumba macho. Mimi ni fundi cherehani. Tunakaa nyumba moja, chumba changu kinatazamana na vyumba vyao uani, na cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo ya getini na ya uani yote yanapita machoni pangu kwanza. Na mdomo ninao, sikatai.

Alianza kufua akiwa msichana, kwenye nyumba za watu. Huko alikuwa na mama mmoja mwenye nyumba aliyekuwa akinusa kila nguo kabla ya kuipokea, pua juu, utadhani anapima samaki. Mwingine angemchukia. Wifi yangu alimwiga. Mpaka leo nguo haitoki mkononi mwake kabla hajaipeleka puani kisha akaipitisha shavuni. Ana msemo wake: nguo ambayo mimi mwenyewe siwezi kuilalia, simrudishii mtu. Mara nyingi nimemwona amekwisha kupiga pasi shati la mteja, ananusa, anakunja uso, anarudi nalo kwenye beseni. Mimi nikishona suruali ikapinda kidogo, namwambia mwenyewe ndio mtindo wa sasa. Kila mtu na biashara yake.

Kaka yangu ndiye aliyemleta kwetu. Alikuwa mfanyakazi wa chumba cha rangi mle kiwandani, na walipooana watu waliwatania mpaka basi: mume anatia rangi, mke anatoa. Mikono ya kaka ilikuwa ya buluu hadi viwikoni, buluu isiyotoka kwa sabuni wala kwa maombi, na siku ya harusi alivaa glavu nyeupe zilizofuliwa na bibi harusi mwenyewe. Alifanya kazi mle mpaka kifua kikaanza kulia kama bawaba kavu. Akitoka chumbani kwenda bafuni, anapumzika njiani. Kiwanda kikamstaafisha kwa heshima zote: hotuba, makofi, na saa ya ukutani yenye nembo yao. Saa ilisimama kabla mwaka haujaisha. Kaka hataki itupwe. Anasema wanaelewana, kwa kuwa wote wawili walitoka kiwandani wamechoka.

Ndipo akaingia Tabasamu maishani mwetu. Huyu ni kijana wa ofisi yao ya mahusiano na jamii. Jina lake tunalijua, hatulitumii tu, maana hata akikuletea habari ya msiba meno yanakuwa nje. Alikuja na mpiga picha, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akasema kiwanda kinawajibika kwa jamii na hakimtupi mtu wake, na kwa hiyo mkewe atapewa kazi ya kufua ovaroli za wafanyakazi. Tukashukuru. Ndiyo, tulishukuru, mwenye njaa hana miiko. Lakini baadaye nilipokaa nikafikiri, nikaona walichofanya: wamechukua kifua cha mume, wamempa mke nguo chafu za wenzake aliowaacha mle. Halafu wanataka uwapigie vigelegele.

Ovaroli hizo ndizo zilizokuwa zikilipa kodi ya vyumba na kununua dawa za kifua za kaka. Hilo naomba mlishike, maana yote yanayofuata yanatundikwa hapo. Zikiondoka ovaroli, zinaondoka dawa.

Mapenzi yao hayakuishia kwenye ovaroli. Wakatuchimbia kisima. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wahenga hawakukijua kiwanda hiki: walichimba wao, tukaingia sisi. Walikiweka karibu kabisa na mtaro wao, kwa sababu hapo ndipo kibao kinapoonekana vizuri kutoka barabarani. Kibao ni kikubwa kuliko bomba lenyewe. Kimeandikwa Maji Safi kwa Jirani Yetu. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, akafungua bomba, akanywa glasi nzima mbele ya kamera, akajifuta midomo, akasema ahaa. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa meza. Glasi ile ilijazwa kutoka kwenye chupa iliyokuja na gari lake.

Maji yale kwenye ndoo huyaoni ubaya. Chovya kitambaa cheupe, ndipo utayajua tabia. Hilo analijua kila mwanamke wa mtaa huu, na wala si elimu, ni macho tu. Ndiyo maana maji ya kupikia na ya kufulia nguo nyeupe tunanunua kwa muuza maji, anayeyaleta kwa mkokoteni kutoka mlimani, upande wa pili wa mji. Ya kisimani tunadekia, na wifi anafulia ovaroli, ambazo kwa zilivyo hata ukizichovya kwenye wino hazitasema kitu.

Basi tukaishi hivyo, tukipendwa, mpaka asubuhi moja Tabasamu aliposimamisha gari barazani na kuanza kushusha marobota ya mashuka meupe. Zahanati yetu ilikuwa imejengewa wodi mpya ya wazazi, na kiwanda kimeamua kutoa mashuka. Nilishangaa kuona kitu cheupe kikitoka kwenye geti lile. Nadhani ndicho kitu pekee walichowahi kukiacha kama kilivyo. Lakini yalikuwa yamekakamaa kwa wanga na yananuka dawa ya ghala, kwa hiyo kabla ya sherehe lazima yafuliwe na kupigwa pasi.

Tabasamu alikuwa na maelezo marefu. Alisema haya ni mashuka ya kiwanda, yatafuliwa na mjasiriamali jirani, kwa maji ya kisima cha jirani, ili walalie wazazi majirani, na yote hayo yataandikwa kwenye ripoti ya mwaka. Nikamuuliza kama na kikohozi cha jirani nacho kitaandikwa. Akatabasamu.

Wifi aliuliza jambo moja tu: ni lazima yawe maji ya kisima? Akajibiwa ni lazima, tena hapo ndipo penyewe, kwa sababu kuna watu wenye midomo wanaosema maji yale si mazuri. Tabasamu akanitazama mimi. Siku ya sherehe mkurugenzi mwenyewe atamwita mbele za watu na kumwuliza amefua kwa maji gani, naye atajibu. Ni swali dogo, jibu dogo, halafu soda.

Kesho yake wifi alichukua shuka moja akalifua kwa maji ya kisima, vile vile alivyoagizwa. Alilisugua kwa sabuni ya mche, akalisuuza, akalianika. Likiwa bichi lilikuwa jeupe, tukaanza kupeana moyo. Lilipoanza kukauka likageuka. Si buluu, si zambarau, ni ile rangi ya jicho lililopigwa ngumi jana. Akalirudia. Akalitia dawa ya madoa, akaliloweka, akalianika tena kwenye jua kali. Shuka likabaki na jicho lake.

Akalikunja, akavuka barabara nalo hadi getini, nami nikafuata, maana mambo kama hayo siwezi kusimuliwa. Tabasamu alitoka, akalishika kwa ncha za vidole, akaangalia huku na huku kama kuna anayetuona. Kwanza alisema ni mwanga wa jua. Halafu akasema mbona ni rangi nzuri tu. Halafu akamlaumu wifi kwamba hakutia bluu ya kufulia ya kutosha. Wifi akazidi kumnyooshea shuka mbele ya macho. Ndipo yule kijana akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mama, sikiliza. Mimi sitaki kujua unafua kwa maji gani. Fulia hata machozi. Mashuka yatoke meupe, na siku ile useme ni maji ya kisima. Si ovaroli unazitaka bado?"

Halafu akatabasamu, akatufungulia geti kwa adabu kama wageni.

Tuliporudi nilimwambia wifi waziwazi: sema. Ulimi hauna mfupa, unakunjika upande wowote. Kiwanda kizima kinadanganya kwa kibao kilichopakwa rangi, nani atamsikia dobi mmoja? Mungu mwenyewe akisikiliza uongo wa siku ile ataanzia meza kuu, akifika kwako ameshachoka. Na bado nasema hivyo hivyo hadi leo. Ningekuwa mimi, ningesema, ningeapa juu yake, kisha ningekwenda kupokea ovaroli zangu na kulala usingizi. Wifi alinisikiliza mpaka mwisho. Huyo ndiye wifi yangu, ukigombana naye unagombana na ukuta.

Akaingia ndani akamtandazia kaka lile shuka magotini. Kaka alikuwa amekaa dirishani, mahali pake. Alilipapasa kwa mikono yake ile ya buluu, akaligeuza, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja kipite.

"Mke wangu," alisema alipopata pumzi, "mimi walinitia rangi nikiwa mtu mzima, tena kwa mshahara. Hao wanaozaliwa wamekosa nini?"

Mambo yakawa yamekwisha. Wifi akamwita muuza maji. Mtu yule alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, mpaka akauliza kama tunaoza binti wa mfalme, na maji yote hayo yakalipwa na nani? Na dobi. Kiwanda kilitoa msaada wa mashuka kwa hisani ya dobi. Alifua, mimi nikapiga pasi, mkaa ukiruka cheche na mimi nikitukana kila shuka ninalolikunja. Lakini sitasema uongo kuhusu kazi yenyewe. Yalitoka meupe mpaka unaona haya kuyashika. Aliyanusa yote, moja moja, akayapitisha shavuni, na lililobaki na harufu ya ghala hata chembe lilirudi majini.

Nikajua sasa tumeokoka. Mashuka meupe yapo. Uongo ni sentensi moja. Ovaroli zipo, dawa zipo. Halafu nikamwona analikunja na lile bovu, kwa uangalifu ule ule, analiweka juu ya rundo. Nikamwuliza hilo la nini. Akasema si lake, ni mali ya watu, amepewa mashuka na atarudisha mashuka. Nilitaka kumpiga na pasi.

Sherehe ilifanyika uwanjani pa zahanati. Waangalieni watu wanaojali wazazi: hema lilikuwa la wageni, viti vyenye vitambaa vilikuwa vya wageni, na kina mama wajawazito walipangwa mstari juani, tumbo mbele, ili waonekane vizuri kwenye picha. Mmoja alipochuchumaa Tabasamu alimwendea mbio, nikadhani anampelekea kiti. Kumbe anamwomba asimame, anaharibu mstari. Sista wa wodi, mwanamke mchapa kazi ambaye alichotaka ni mashuka yake tu arudi kwa wagonjwa, alikuwa ameshaangalia mlango wa wodi mara nyingi kuliko alivyomwangalia mgeni yeyote.

Mkurugenzi alihutubia. Ana sauti ya redio na tumbo la mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali. Alituvika kilemba cha ukoka mpaka shingo zikauma: sisi ni familia, sisi ni wadau, sisi ni sababu ya kiwanda kuamka asubuhi. Kipaza sauti kikawa kinalia kila akitaja neno uwajibikaji. Sikukilaumu kile kipaza sauti. Halafu akamwita wifi.

Wifi akasimama, amevaa gauni lake la kanisani, mashuka mezani mbele yake, na lile moja juu kabisa, limefunikwa kwa kanga yake. Mkurugenzi akamwekea mkono begani, akageukia kamera.

"Mama, hebu waambie hawa. Mashuka haya yametakata hivi kwa maji gani?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya wajawazito, nikimfanyia kwa midomo: kisima, kisima. Nilikuwa namwombea mwanamke mwaminifu aseme uongo, na Mungu akitaka kuniuliza kwa nini, aje aniulize akiwa na dawa za kifua mkononi. Wifi alimtafuta kaka kwa macho. Kaka alikuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya ukuta, mikono yake juu ya magoti, buluu mpaka viwikoni, kila mtu akiiona.

"Haya nimeyafua kwa maji ya kununua, mzee," wifi alisema, sauti ile ile anayomwambia nayo mteja kwamba kifungo kimepotea. "Yatalaliwa na watoto." Akalichukua lile la juu, akalikunjua. "Nililofua kwa maji ya kisima chenu ni hili. Nimelirudisha kwa sababu si langu."

Mjamzito mmoja akacheka, yule yule aliyekuwa amechuchumaa, na mstari mzima ukamfuata, matumbo yakitikisika. Tangu nimjue Tabasamu, hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipoona midomo yake imefunika meno. Alikuwa na midomo, kumbe.

Lakini ukurugenzi haupewi mjinga. Yule mzee alilichukua shuka mkononi mwa wifi, akalipepea juu kama bendera, akacheka na yeye, akasema kwa sauti ya redio kwamba uaminifu kama huu ndio kiwanda kinautafuta, na kwa hiyo shuka hili wanamzawadia mama yetu mpendwa. Akamkabidhi. Kamera zikapiga. Na watu wakapiga makofi. Watu wetu nao, wape hema na soda, watapigia makofi hata jeneza lao wenyewe. Nilitazama nikaona na mimi mikono yangu inapiga.

Sista alikuja akachukua rundo lake. Alilinusa shuka la juu, akamtazama wifi, akaingia wodini bila hotuba. Huyo peke yake ndiye aliyefanya kazi siku ile.

Wiki iliyofuata robota la ovaroli halikuja. Akaja mlinzi wa getini, mtu tunayesalimiana naye kila siku, akiwa anatazama chini, akasema ofisi imeleta mashine ya kufulia, kwa ajili ya kutunza mazingira. Nilimwambia arudie hayo maneno ya mwisho, niyasikie vizuri. Hakurudia, masikini, aliondoka.

Sasa kaka anakunywa dawa siku kifua kikizidi, siku nyingine anakunywa maji ya moto na kutuambia yanasaidia. Wifi amerudi kwenye kufua nguo za nyumba moja moja, anatembea na kapu kichwani hadi mlimani. Nilimkasirikia, siwafichi. Nilikaa naye uani siku nyingi bila kumsemesha, na nilipomsemesha nilimwambia kwamba ukweli wake umekula dawa za kaka yangu. Akasema analijua hilo, haupiti usiku asilijue. Akaendelea kusuuza. Ningependa angenijibu kwa ukali, tukagombana, yakaisha.

Ndipo likapanda bango. Walilisimamisha juu ya geti, mkabala na nyumba yetu, na asubuhi nilipofungua dirisha nikamkuta wifi yangu amejaa anga zima. Uso wake ni mkubwa kuliko mlango wetu. Ananyoosha mikono, mkurugenzi anamkabidhi shuka, na chini yake maandishi: Tunajali. Kazi wamemnyang'anya, sura wamebaki nayo. Hawa watu wana macho makavu, nawaambieni, ukiwamwagia pilipili watakushukuru kwa viungo. Lakini si hilo lililonifanya nikae chini. Lililonifanya nikae chini ni shuka. Kwenye picha lilikuwa jeupe pe. Lile lile, jicho la ngumi, sasa jeupe kuliko mashuka yote niliyoyapiga pasi. Kumbe maji ya kulitakatisha yalikuwepo siku zote, yamo kwenye kompyuta ya Tabasamu, sisi tunahangaika na mikokoteni.

Nilicheka mpaka nikalia. Wifi alitoka, akasimama barazani, akatazama juu muda mrefu.

"Mikono ni yangu," alisema. "Shuka silo."

Akaingia ndani. Alitoka na ile zawadi yake, beseni, na kipande cha sabuni, akavuka hadi kisimani, akafungua bomba chini ya kibao cha Maji Safi kwa Jirani Yetu, na akalifua pale pale, taratibu, kama shuka la mtu anayeheshimika. Halafu akafungua kamba yake uani, kamba iliyokaa pale tangu alipoolewa, akaja kuifunga mbele, kutoka nguzo ya baraza langu hadi kwenye mti wa umeme. Akalianika lile shuka peke yake, limenyooka, vibanio pembeni, linatazamana na bango.

Tangu siku hiyo kila wiki analifua. Watu wanaopita wanatazama juu, wanatazama kamba, wanatazama juu tena, na hapo hakuna anayehitaji maelezo yangu, ingawa nawapa. Muuza maji amepafanya pale kituo chake. Na wanunuzi wa vitambaa wanaokuja na magari yao marefu nao wana macho. Mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, aliteremka, akaligusa shuka, akamwuliza dereva wake jambo, dereva akaniuliza mimi, na mimi, mdomo ninao.

Siku ya tatu yake Tabasamu alivuka barabara kwa miguu. Hakukaa kwenye kiti changu. Alisema ofisi imefikiri upya, mashine haifui vizuri, ovaroli zitarudi zote, hata kesho. Mama atapewa na mashuka mapya, meupe, anayoyataka. Wao wanaomba tu lile kuukuu, kwa ajili ya kumbukumbu ya ofisi.

Nilisimamisha cherehani. Dirishani kaka alikuwa anakohoa, kile kikohozi kirefu, na sote watatu tukawa tunakisikia. Nilimtazama wifi kwa macho ya kumpigia magoti. Alikuwa anamalizia kubana pembe ya shuka. Alingoja kikohozi kipite kwanza.

"Mwanangu, ovaroli lete hata leo, nitazifua. Mimi sina ugomvi na nguo," alisema. "Lakini hili nalifua kwa maji yenu. Siku litakapotoka nikaweza kulilalia, nitalianua mwenyewe, nitawaletea pale getini, mpige picha ya kweli."

Kijana aliangalia shuka, akaangalia bango, na nadhani hata yeye alipata tabu kujua atabasamu upande gani. Akavuka barabara akarudi.

Ovaroli hazijaja. Nilimsuta wifi siku ile mpaka sauti ikakauka, na jioni nikampa kaka hela ya dawa kutoka kwenye suruali zangu zilizopinda, tusiongee habari hiyo. Leo asubuhi ilikuwa zamu ya shuka. Mtaro umekuwa wa kijani wiki hii, wanatia rangi vitambaa vya sare. Alilifua, akalikamua, akangoja likauke. Halafu akalinusa, akalipitisha shavuni, akatikisa kichwa, na akalirudisha kambani.